Nikienda kazini, paka abaki na nani?

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu paka, na walioziandika karibu wote ni watu wanaoishi peke yao na kutoka alfajiri kwenda kazini. Tunaanza na ya Sinza kwa sababu imebeba maswali ya wengine wengi.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Ninaishi peke yangu, chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Jumatatu hadi Ijumaa natoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku, Jumamosi nusu siku. Mwenzangu wa kazini ana paka aliyezaa, watoto wana wiki tano, na anataka nichukue mmoja wiki ijayo. Mama yangu anasema nitamtesa kiumbe wa Mungu bure. Nimchukue, nisimchukue?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Huyo wa wiki tano usimchukue, na kwa hilo mama yako ana haki. Paka mkubwa unaweza kuishi naye vizuri tu, ila kwa masharti.

Mtoto wa paka wa wiki tano bado ananyonya. Wiki hizi ndizo anazojifunza kwa mama na ndugu zake: asiume kwa nguvu, atumie mchanga kwa haja, asiogope kila kitu. Akiondolewa mapema, mara nyingi huwa muoga au mng'ataji, na tabia hiyo ni ngumu kuirekebisha. Asitoke kabla ya wiki 8, na wiki 12 ni bora zaidi. Hata akifika umri huo, tumbo lake ni dogo: anahitaji mlo mara nne kwa siku mpaka miezi minne hivi, kisha mara tatu mpaka miezi sita. Wewe haupo kwa saa 14. Atakosa milo miwili, na muda uliobaki atautumia kutafuna waya wa chaja, kumeza uzi wa cherehani na kupanda pazia. Kama hakuna mtu wa kuingia mchana, mtoto wa paka si wa kwako kwa sasa.

Aliyevuka miaka miwili ni habari nyingine. Hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na huchangamka zaidi alfajiri na magharibi. Kubaki peke yake saa 8 hadi 10 hakumsumbui akiwa na maji, choo safi na dirisha la kuchungulia. Saa 14 ni nyingi. Si za kumuua, lakini lazima uzilipie asubuhi na usiku. Amka saa kumi na moja. Mchezeshe dakika kumi kwa kamba yenye kitambaa au unyoya mwishoni, uiburute kama panya anayekimbia, umwache aikamate mara kadhaa. Ndipo umpe nusu ya chakula cha siku, usafishe choo, ubadilishe maji, utoke. Akishawinda na kushiba atajilamba na kulala, na hapo umeshafuta nusu ya siku yake. Ukirudi rudia mchezo dakika kumi na tano, na nusu ya pili ya chakula umpe karibu na muda wako wa kulala. Wanaowalisha saa moja jioni ndio wanaolalamika kwamba paka anawaamsha saa tisa usiku. Akikuamsha, usimpe chakula papo hapo. Ukimpa hata mara mbili, umeshamfundisha.

Mchezo huu wengi huuacha baada ya mwezi wa kwanza, kisha wanashangaa. Dalili kwamba upweke umemzidi ni kujilamba tumbo au mapaja mpaka manyoya yanatoka, kukojoa kitandani, au kulia mlangoni muda mrefu hata ukiwepo. Lakini usikimbilie kusema ni upweke: dalili hizo hizo huletwa na viroboto au ugonjwa wa kibofu, kwa hiyo daktari wa mifugo amwone kwanza. Kwa ratiba kama yako tungependelea paka wawili wakubwa ambao tayari wanaishi pamoja. Kuchukua mmoja leo na mwingine mgeni baada ya miezi mitatu ni kujitafutia ugomvi ndani ya vyumba viwili.

Kabla ya paka, zungumza na mwenye nyumba na upate jibu lake kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Ruhusa ya mdomo huyeyuka siku jirani anapolalamika, na paka ndiye anayehamishwa.

Halafu madirisha. Ghorofa ya tatu paka anaanguka. Anaruka kumfuata ndege au mjusi na hatazami chini. Nondo za dirisha hazimzuii, maana pakipita kichwa chake na mwili hupita. Wavu wa mbu wa plastiki huupasua kwa kucha siku moja. Weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi sentimita 2.5, ufungwe kwenye nondo kwa waya mwembamba ule wanaofungia nondo mafundi ujenzi, kila baada ya sentimita 15. Usifunge vioo kwa kumwogopea. Chumba cha Dar mwezi Februari bila hewa kitamdhuru kuliko anavyodhurika nje.

Choo: nunua beseni pana la kufulia, upana usiopungua sentimita 50 na kina cha sentimita 15, ili aweze kugeuka ndani na asirushe mchanga sakafuni. Kina cha mchanga kiwe sentimita 5, sawa na lita 10 hivi, yaani nusu ya ndoo kubwa. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa unafaa na ni rahisi kupatikana, lakini nusu ndoo hiyo ina uzito wa kilo 15 na wewe uko ghorofa ya tatu. Maranda ya seremala ni mepesi. Chukua yale ya vipande, si unga laini unaoingia puani, na usichukue ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Mchanga maalumu wa dukani unaogandamana ni ghali, ila kazi yake ni ndogo: unatoa mabonge tu na kuongeza. Uchafu utoe asubuhi na usiku. Mchanga wa kawaida na maranda hunywa mkojo vikatulia chini, kwa hiyo vimwage vyote kila baada ya siku mbili au tatu na uoshe beseni kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida. Dettol na dawa za aina hiyo ziache kabisa, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuzivunja na yeye hulamba nyayo zake. Kutoa uchafu kila siku kuna faida nyingine: vijidudu vya toksoplazma, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vikitoka kwenye kinyesi huhitaji siku 1 hadi 5 kabla havijaweza kuambukiza. Mjamzito asiguse kazi hiyo, au avae glavu.

Paka wawili, vyoo vitatu. Hiyo ndiyo kanuni. Kwa chumba na sebule viwili vitatosha ukivisafisha kwa bidii, lakini visikae bega kwa bega, na kisiwepo hata kimoja karibu na bakuli la chakula.

Mlete Ijumaa jioni. Njiani abebwe kwenye kikapu chenye mfuniko au kreti iliyofunikwa kwa khanga. Katika kiroba anakosa hewa, na kwenye bodaboda anaweza kuchoropoka barabarani. Akifika, mweke chumba kimoja tu siku tatu za mwanzo. Ataingia uvunguni na huenda asile mpaka usiku wa manane, mwache, usimvute. Jumamosi na Jumapili fanya mazoezi ya kutoka: nusu saa, saa mbili, kisha saa tano. Mpe chakula kile kile alichozoea, na ukitaka kukibadilisha changanya kidogo kidogo kwa siku saba, la sivyo ataharisha.

Na kabla hujakubali, muulize anayemtoa: amechanjwa? Amefungwa kizazi? Jike huweza kuanza kuita madume akiwa na miezi minne tu, na mimba yake ni wiki tisa. Akiita, jengo zima halilali. Upasuaji hufanyika kuanzia miezi minne hadi sita. Omba miadi ya Ijumaa, uwe naye siku mbili za mwanzo kuzuia asilambe mshono. Kupona kabisa ni siku 10 hadi 14. Chanjo ya magonjwa makuu ya paka huanza wiki ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12, kisha baada ya mwaka. Jina lisikupumbaze: paka naye hukipata na hukiambukiza. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ofisi za mifugo mahali pengi huchanja bila malipo. Ulizia ya kwenu mapema.

SWALI: Mimi niko Nairobi, bedsita, nafanya kazi zamu za usiku. Paka ninaye, mzima, mwaka wa tatu. Kila mwisho wa mwezi naenda ushago siku mbili au tatu. Nikimjazia bakuli na maji ya kutosha si yatamtosha?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Zamu za usiku hazina tatizo lolote; paka atageuza ratiba yake ifuate yako ndani ya wiki mbili, mradi usibadilishe zamu kila baada ya siku tatu.

Kumwacha siku tatu na bakuli lililojaa, hapana. Mpaka wa paka mzima mwenye afya ni saa 24. Baada ya hapo hatari si njaa. Anaweza kumwaga maji saa ya kwanza, mlango wa bafuni ukajifunga kwa upepo na choo kikabaki upande wa pili, au akaugua Ijumaa usiku nawe ukamkuta Jumatatu. Paka asiyekula siku mbili, hasa mnene, ini lake huanza kujaa mafuta, na hapo matibabu ni ya gharama na si ya hakika. Halafu kuna sisimizi. Bakuli lililojaa likikaa usiku mmoja hugeuka kichuguu, na paka hali chakula chenye sisimizi. (Hata kwa siku za kawaida, weka bakuli la chakula katikati ya sahani pana yenye maji kidogo. Sisimizi hawavuki.)

Unachohitaji ni mtu mwenye ufunguo, aje mara moja kwa siku. Kama huna mtu wa namna hiyo ndani ya mwendo wa nusu saa, basi hilo ndilo tatizo lako la kwanza kabla ya chakula wala mchanga, na anayefikiria kuchukua paka alitatue kabla hajamchukua. Kumpeleka paka kwa shangazi siku mbili ni chaguo la mwisho, kwa kuwa anateseka zaidi kuhamishwa nyumba kuliko kukukosa wewe.

Mwandikie huyo mtu karatasi, usimweleze kwa mdomo: gramu ngapi na kwa kikombe kipi, maji ya wapi, uchafu utupwe wapi, mlango upi ufungwe kwanza kabla ya kufungua mwingine, na namba ya daktari wa mifugo. Mwombe mambo mawili zaidi. Amwone paka kwa macho yake, hata kama amejificha, na akutumie picha. Bakuli tupu si ushahidi, huenda aliyekula ni panya. Na aangalie kama mkojo upo mchangani. Milango ya ndani izuiwe kwa jiwe au kiatu isijifunge, na maji yawekwe vyombo viwili vizito vya udongo, sehemu mbili tofauti. Paka wa kilo 4 hunywa takribani mililita 200 kwa siku, kidogo kuliko hapo akila chakula chenye majimaji.

Vipo vyombo vinavyotoa chakula kwa saa uliyopanga. Vinasaidia mtu anayechelewa kurudi, lakini chukua chenye betri, maana umeme ukikatika kile cha ukutani hakina kazi. Hakichukui nafasi ya mwenye ufunguo.

SWALI: Mshahara wangu ni mdogo. Chakula cha pakiti siwezi kila mwezi. Paka si anakula ugali na dagaa tu kama tulivyozoea nyumbani?
Msomaji, Temeke

JIBU: Wale wa nyumbani walikula ugali na dagaa, na baada ya hapo wakaingia shambani kumalizia na panya, ndege na mijusi. Wako atakuwa amefungiwa. Hicho utakachompa ndicho atakachopata.

Paka ni mla nyama kwa umbile. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki. Ikipungua kwa miezi mingi huharibu macho na kulegeza misuli ya moyo. Ugali haumdhuru, unamjaza tu. Usizidi robo ya sahani.

Dagaa wanafaa, lakini jua ni wapi. Wa Unguja huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo waloweke maji ya moto nusu saa na maji hayo uyamwage. Wa Mwanza huanikwa wabichi, mara nyingi mchangani: waoshe mara tatu, kisha wachemshe, kwa kuwa samaki wengi wa jamii hiyo wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mchuzi wao usiumwage. Taurini nyingi imekimbilia humo. Mifupa yao laini ni kalsiamu, jambo ambalo nyama tupu haina.

Paka wa kilo 4 anahitaji nguvu ya kalori 200 hadi 250 kwa siku. Hiyo ni kama gramu 150 hadi 180 za samaki au kuku aliyechemshwa, bila mifupa, bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, vyote viwili huvunja damu yake. Bei nafuu kuliko zote kwa thamani ni mioyo na firigisi za kuku. Moyo una taurini kuliko minofu ya kidari. Maini kipande cha gramu 20 au 30, mara mbili kwa wiki basi. Akipewa maini kila siku hulundika vitamini A mwilini na mifupa ya shingo hukakamaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti, usimpe. Maziwa ya ng'ombe humwendesha tumbo paka mkubwa, maji yanatosha.

Ukipiga hesabu, pengine chakula kikavu si ghali kama unavyodhani. Anakula gramu 50 hadi 60 kwa siku, yaani kilo moja na nusu hadi mbili kwa mwezi. Wengi wanachofanya, nasi tunakiafiki, ni kikavu asubuhi na cha kupika usiku. Kinachopimwa kutoka gunia lililo wazi kikague: kikinukia mafuta yaliyochacha, kiache. Na kisiwe cha mbwa. Kinafanana, hakimtoshi.

SWALI: Nataka paka kwa ajili ya panya tu. Sumu nimeshaweka, haisaidii.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ondoa sumu yote kwanza, mpaka nyuma ya kabati, ndipo ulete paka. Panya aliyekula sumu hutembea polepole, na huyo ndiye paka anayemkamata. Sumu za kuzuia damu kuganda huchukua siku kadhaa kuonekana kwa paka: ufizi mweupe, uchovu, damu puani. Daktari ana vitamini K kwa hilo, akiwahi. Zile kali zinazouzwa kwa vipaza sauti mitaani huua ndani ya saa chache. Zungumza na wapangaji wenzako pia, maana sumu ya jirani haijui mlango. Na usimnyime chakula ukidhani atawinda zaidi; mwenye afya ndiye anayewinda, na panya wengi hukimbia harufu yake tu.

SWALI: Nina pumu na naishi chumba kimoja. Nikitafuta paka wa manyoya mafupi nitakuwa salama?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Kinachosumbua ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka. Manyoya huibeba tu, na paka wa kila aina anayo. Kaa nyumba yenye paka saa mbili mbili, siku tatu tofauti, dawa yako ya kuvuta ikiwa mfukoni. Ukibanwa kifua hata mara moja, acha wazo hilo. Ushauri wa kawaida ni paka asiingie chumba cha kulala, na wewe huna chumba kingine.

SWALI: Dume wangu tangu juzi anakwenda chooni kila baada ya dakika chache, anachuchumaa, analia, hatoi kitu. Nadhani ni choo kigumu. Nimpe mafuta ya kula, au nusu Panadol kwa maumivu?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Barua hii tuliijibu kwa simu, lakini tunaichapisha kwa ajili ya wengine. Dume anayechuchumaa bila kutoa mkojo ameziba njia, na kwa kawaida ana saa 24 hadi 48 kabla sumu ya mkojo haijausimamisha moyo. Usisubiri kutoka kazini. Omba ruhusa, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, amtoe mkojo kwa mpira. Mafuta hayasaidii. Panadol ni sumu kwake, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Vivyo hivyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini, na chandarua kilichotoka kuchovywa dawa kabla hakijakauka.

Anayekaa kutwa nje ya nyumba hawezi kuyaona haya kwa bahati. Kila usiku, unaposafisha choo, angalia kama mkojo upo na ni kiasi gani. Mchanga mkavu tangu asubuhi kwa dume ni sababu ya kupiga simu usiku huo huo.